Mbegu ya Simsim Huchaguliwa Ingali Shambani



Mfugaji yeyote hapa Kalemng'orok anajua kwamba si kila beberu anaachwa kupanda. Tunaangalia mama yake alitoa maziwa kiasi gani, na yeye mwenyewe alivumilia vipi kiangazi. Wengine tunawahasi. Lakini tukifika kwenye simsim, tunapura yote pamoja, tunauza, tunakula, na kinachobaki ndani ya debe ndicho tunakiita mbegu. Basi leo tujifunze kuchagua simsim jinsi tunavyochagua beberu.

Ukipita shambani utaona mimea haifanani. Mmoja umewahi kukomaa, mwingine una maganda mengi, mwingine umepasuka na kumwaga mbegu chini. Tofauti nyingine zimo ndani ya mbegu, na mimea itakayoota itazirithi. Nyingine zinaletwa na mahali tu. Mmea ulio kando ya mfereji umenenepa kwa sababu ya maji. Mbegu yake ikipandwa pakavu, unene huo hutauona. Kwa hiyo linganisheni mimea iliyopata maji na udongo sawa.

Fanyeni hivi:

1. Kabla ya kuvuna, fungeni uzi kwenye mimea kama 30 iliyowahi kukomaa, yenye maganda mengi, isiyomwaga haraka na isiyo na ugonjwa. Msitegemee mmea mmoja, maana misimu haifanani.

2. Ivuneni peke yake maganda ya chini yanapoanza kufunguka. Ianikeni juu ya turubai.

3. Hifadhini mbegu kavu katika chombo kinachofungwa vizuri.

4. Rudieni kila msimu, kwa sababu nyuki huchanganya mimea.

Tena msikimbilie sifa moja tu. Mwaka 1943, huko Venezuela, mtaalamu Langham alipata simsim ambayo maganda yake hayafunguki kabisa. Haikumwaga, lakini kuipura kukawa taabu. Ndiyo maana watafiti wa Serere, Uganda, na Naliendele, Tanzania, hupima sifa nyingi pamoja: mazao, mafuta, ugonjwa na muda wa kukomaa.

Maswali ya kikundi

1. Sisi tunahitaji nini zaidi: simsim ya kukomaa mapema au ya maganda mengi? Kwa nini?

2. Njaa ikiingia nyumbani, nani ana sauti ya kusema chombo hiki kisifunguliwe? Na kikundi kitamsaidiaje mama huyo ili watoto wale na mbegu ibaki?