NYUKI NA MABOGA YAKO

Mmea wa maboga una maua ya namna mbili. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Ua dume halina. Unga wa ua dume, yaani chavua, hunata. Upepo hauwezi kuuchukua. Mchukuzi wake ni nyuki.

Tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, njoo na watoto wako shamba la maonyesho, tufanye jaribio. Ua jike moja tutakuwa tumelifunika kwa kitambaa chepesi tangu jana yake jioni, kabla halijafunua. Mengine yataachwa wazi. Baada ya siku chache kiboga cha lile lililofunikwa kitanyauka na kuanguka.

Basi usipige dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi. Ngoja jioni. Auaye nyuki apunguza mavuno yake mwenyewe.