Kabla hujanunua kitabu cha mapishi ya kuchoma
Wewe unayeuza kuku choma kwa oda za WhatsApp hapo Singida, usinunue kitabu kwa uzuri wa jalada. Fungua kwanza ukurasa wa kuku, angalia vitu vitatu:

1. Kuku gani? Vitabu vingi vya nje vimeandikwa kwa kuku wa kisasa, anayeiva haraka. Kuku wetu wa kienyeji ana nyama ngumu. Ukifuata dakika za kitabu, mteja atatafuna mpaka achoke. Mchemshe kwanza alainike, ndo umpeleke kwenye mkaa.

2. Jiko gani? Kikisema "funika", kinazungumzia jiko lenye mfuniko. La kwako liko wazi? Tafuta mapishi ya moto wa wazi.

3. Vipimo gani? Vya Marekani vinatumia paundi na Farenihaiti. Paundi 1 ni kama gramu 454. Nyuzi 350 za Farenihaiti ni kama 177 za Selsiasi.

Ukishanunua, chagua pishi moja tu. Lijaribu nyumbani, piga hesabu ya kuku, mkaa na viungo, ndo uposti bei. Mteja wa mtandaoni haonji kabla ya kulipa, anaamini picha yako. Ukimwangusha mara moja, oda ya pili huioni.