Waya wa Taa ya Mlingotini katika Mashua ya Chama



Chama kinunuapo mashua, fedha nyingi huenda katika mbao, tanga na nyavu. Taa hukumbukwa mwisho, nayo hufungwa kwa waya wowote uliosalia nyumbani kwa mtu. Lakini usiku usio na mbalamwezi, kati ya Lituhi na Mbamba Bay, nahodha wa chombo kingine hazioni mbao wala tanga. Aionayo ni taa. Meli ya MV Mbeya II, iliyozinduliwa Januari 2021 kwa safari za Kyela na Mbamba Bay, haiwezi kusimama ghafla kwa ajili ya mashua ambayo haikuonekana mapema.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 ziliandikwa kwa ajili ya bahari, nasi tunaufuata utaratibu wake katika somo hili. Mashua ya tanga isiyofikia mita 20 yaruhusiwa kuunganisha taa zake katika taa moja juu ya mlingoti: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Isiyofikia mita 7, ikiwa haiwezekani kufunga taa hizo, hapana budi iwe na tochi au kandili nyeupe, ionyeshwe mapema. Injini ikiwashwa, hata kama tanga li juu, chombo huhesabiwa kuwa cha injini. Taa ya rangi tatu huzimwa na taa za chombo cha injini huwashwa. Karabai za kuvutia usipa si badala ya taa hizi, kwani humulika maji na kumtia kiwi mshika usukani.

Wenye tanga la foromali waangalie jambo moja zaidi. Foromali hupita juu ya kilele cha mlingoti, na tanga huificha taa upande mmoja. Hapo tochi ya kulimulika tanga lenyewe ni ya lazima, hata taa ya juu iwe nzuri namna gani.

Sasa tufanye hesabu. Balbu ya kizamani ya wati 25 katika betri ya volti 12 hula ampia 2 na kidogo. Kwa usiku wa saa 12 ni kama ampia-saa 25, yaani nusu ya betri ya ampia-saa 50. Betri ya gari ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara huharibika upesi. Taa ya LED ya wati 3 hula ampia-saa 3 tu kwa usiku huo huo. Ni afadhali chama kilipe zaidi dukani kuliko kununua betri kila mwaka.

Waya nao hula umeme. Mlingoti wa mita 6 na mita 3 hadi kwenye betri ni mita 18, kwenda na kurudi. Waya mwembamba wa spika, wa milimita za mraba 0.5, ukilisha balbu ile ya wati 25, hupoteza zaidi ya volti moja njiani, na balbu hupungukiwa na robo ya mwanga wake au zaidi. Tumieni waya wa shaba wa nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 1.5, uliopakwa bati ni bora zaidi.

Waya ndani ya mlingoti uwe mmoja, usio na kiungo hata kimoja. Juu, ufungwe imara kwenye mti, uzito wake usining'inie kwenye skrubu za taa. Mwera uvumapo mlingoti hutikisika usiku kucha, na waya usiofungwa hukatika hapo hapo. Chini, wekeni plagi moja ya kufungulia mlingoti unapolazwa, mbali na maji ya ngamani, na waya uache kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye plagi. Kusokota nyuzi na kuzungushia tepu si kiungo.

Fyuzi ya ampia 3 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Kazi yake ni kuulinda waya. Taa haimo katika ulinzi huo. Waya uliochubuka ukigusana na mwenziwe pasipo fyuzi, huwaka moto, na moto ndani ya mashua ya mbao hauna pa kukimbilia. Betri ifungwe isipinduke, mahali penye hewa, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Taa ijaribiwe mlingoti ukiwa bado umelala mchangani. Utikiseni huku taa inawaka. Katibu aandike katika daftari la vifaa tarehe ya jaribio, na akiba ya fyuzi na balbu iliyomo chomboni.

Maswali ya kikundi: Mashua yetu ina betri ya ampia-saa 70 na balbu ya wati 10. Itawaka usiku mangapi kabla betri haijafika nusu? Na ni nani katika chama chetu aliyepanda kuitazama taa hiyo tangu ilipofungwa?