Jiji Linaloishi kwa Vya Jirani

Mtendaji wa mtaa aliyehamishiwa Arusha kutoka Tabora aliambiwa na wenzake ofisini: kabla hujaanza kuzunguka na mashine ya risiti, kamwone yule mzee wa Kaloleni aliyestaafu ukarani wa halmashauri. Akaenda Jumapili mchana, akamkuta barazani na bakuli la loshoro.

MTENDAJI: Shikamoo babu.

MZEE: Marahaba mjukuu wangu. Vuta kiti. Wanasema umetoka Tabora, kwenye maembe na asali. Umeleta sweta?

MTENDAJI: Nimenunua soko la Kilombero, la mtumba. Babu, sitakuchosha. Kila nikipita mtaani naulizwa swali moja tu. Jiji hili lina watalii, lina tanzanite, lina mikutano ya kimataifa, mbona mtaro wa mtaa wetu umeziba? Hela zinaishia wapi? Na mimi sina la kuwajibu.

MZEE: Kabla ya kutafuta hela zinapoishia, tuangalie zinapoanzia. Tanzanite inachimbwa wapi?

MTENDAJI: Mererani.

MZEE: Mererani iko Simanjiro, na Simanjiro iko mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka kwetu mwaka 2002. Serikali ikajenga ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo, na biashara ya mawe ikaamriwa ifanyikie kulekule. Haya, mtalii anashukia wapi?

MTENDAJI: KIA, uwanja wa ndege.

MZEE: Wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Anakwenda kutazama nini? Kreta ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake. Serengeti, ambayo sehemu kubwa iko mkoa wa Mara. Akilala Usa River, kalala kwenye halmashauri ya Meru. Ndizi unazoziona Soko Kuu zimetoka Tengeru na Akeri, Meru tena. Hata maji ya bomba, ule mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520 umechimba visima vyake vingine huko Hai. Arusha inaishi kwa vitu ambavyo haviko Arusha. Ukilishika hilo, mengine yatakuja yenyewe.

MTENDAJI: Sasa jiji lenyewe lina nini?

MZEE: Lina kaunta. Watu wanakutana hapa, wanauziana, wanaandikiana mikataba, wanaondoka. Ndivyo lilivyozaliwa.

MTENDAJI: Lilizaliwaje? Nimeona tu lile boma la Wajerumani ambalo siku hizi ni makumbusho.

MZEE: Hapo ndipo penyewe, ila anza na watu. Mashariki ya mlima Meru walikuwa Wameru, wakulima wa migomba, wa siku nyingi. Magharibi wakaja Waarusha, miaka ya 1830 hivi, wakitokea Arusha Chini huko tambarare za kusini ya Moshi. Wanasema Kimaasai lakini wanashika jembe. Mji hapakuwa nao. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa Akeri usiku. Mjerumani aliyekuwa Moshi, Kapteni Johannes, akaja na askari wake na wapiganaji wa Kichaga. Walichoma nyumba, wakakata migomba, wakaswaga ng'ombe. Na hawakuja mara moja. Mwaka 1900 wakawanyonga viongozi huko Moshi: Mangi Meli wa Wachaga, na pamoja naye wakuu wa Meru na wa Arusha. Mwaka huohuo boma likawa limesimama, mawe na chokaa vikiwa vimebebwa na walewale walioshindwa.

MTENDAJI: Kwa hiyo mji ulianza kama kambi.

MZEE: Kambi, halafu maduka ya Wahindi mbele ya kambi, halafu soko. Lakini lililotufunga hasa ni mashamba. Wajerumani walileta walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini mwaka 1904 na 1905, wakawapa ardhi chini ya mlima. Waingereza walipoichukua Arusha mwaka 1916 wakaendeleza mtindo uleule, Wagiriki nao wakaingia. Ukawa mkanda wa kahawa na mkonge. Wenyeji wamebanwa juu mlimani, tambarare ya malisho iko ng'ambo ya mashamba ya watu, na mji umekaa katikati kama punje kwenye pengo la jino. Reli kutoka Moshi ilipofika Desemba 1929, ilifuata kahawa. Ndiyo maana mpaka leo mji huu ni mrefu na mwembamba. Ulikua kwa kufuata barabara ya Moshi na ya Nairobi kwa sababu ubavuni palikuwa na shamba la mtu. Wewe unapita Burka na Njiro unaona majumba. Sisi tunakumbuka mibuni.

MTENDAJI: Na hapa Kaloleni?

MZEE: Hapa na Ngarenaro ndipo Mwafrika aliporuhusiwa kulala. Wahindi walikuwa na kwao, Wazungu na kwao Uzunguni, ng'ambo ya mto Themi. Jina hilo bado tunalitumia na wala hatujiulizi. Hata Unga Limited, unakokusanya ushuru, ni jina la kampuni ya kusaga. Kinu kikawa mtaa.

MTENDAJI: Mkanda huo wa mashamba ulikatika lini?

MZEE: Pole pole, na kwa uchungu. Hebu sikia hii, maana utakutana na wazee wa Meru wanaoitaja kama ya jana. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliamua kuwaondoa watu wapatao 3,000 kule Ngare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili Wazungu wafuge ng'ombe. Mashamba yenyewe mawili, Wameru walikuwa wameyanunua kwa hela zao. Novemba wakaja askari, nyumba zikachomwa, watu wakasombwa na malori kupelekwa King'ori. Wameru hawakushika mikuki. Walichangishana, senti kwa senti, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York, Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton. Hiyo ni 1952. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo ilikuwa na mahali pa kushtakia. Kwenye Baraza Kuu kura zilizohitajika hazikutimia. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwaeleza watu, na chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 habari ile ilishasambaa.

MTENDAJI: Shuleni tulifundishwa Azimio la Arusha tu.

MZEE: Azimio lina mnara, ndiyo maana. Mwaka 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa mwishoni mwa Januari, tarehe 5 Februari likatangazwa. Mashamba makubwa na viwanda vikaanza kuwa vya umma. Kikaja kiwanda cha matairi cha General Tyre, vikaja vya nguo. Mji ukawa na king'ora cha asubuhi na mishahara ya mwisho wa mwezi. Kipindi kile mtu akikwambia anafanya kazi Arusha, ulijua ni kiwandani. General Tyre ilipofunga milango mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana wa waliofanya kazi kule walishakuwa madereva wa safari.

MTENDAJI: Na halmashauri wakati huo?

MZEE: Kuna wakati haikuwapo! Mnaoajiriwa siku hizi hamwamini. Mwaka 1972 ilikuja Madaraka Mikoani, mabaraza yakavunjwa, mijini nako yakafuata. Jina zuri, lakini madaraka yenyewe yalikwenda kwa maofisa wa serikali kuu waliokaa mkoani. Diwani hakuna. Taka zikajaa, mifereji ikaziba, barabara zikawa mashimo nchi nzima, mpaka mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe kwa haraka. Sheria kamili zikaja mwaka 1982, ile namba 7 ya wilaya na namba 8 ya miji, tukaanza upya mwaka 1984. Arusha ilishapewa manispaa mwaka 1980, na mwaka 2012 ikazinduliwa kuwa jiji. Siku ile kulikuwa na ngoma. Watu walidhani kesho yake lami itajitandika.

MTENDAJI: Hivyo sasa mwenye jiji ni nani? Meya au mkurugenzi?

MZEE: Meya anachaguliwa na madiwani wenzake, na madiwani wanachaguliwa na kata, pamoja na wa viti maalumu. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, na yeye ndiye anayeshika kalamu ya kusaini hundi. Mkuu wa wilaya naye yumo, wa serikali kuu. Usifikiri cheo cha meya ni pambo tu, lakini. Desemba 2010 madiwani waligombana nani ahesabiwe kura ya kumchagua meya, maana alishirikishwa mbunge wa viti maalumu wa kutoka Tanga. Tarehe 5 Januari 2011 watu waliandamana, na watatu wakauawa kwa risasi. Kwa kura ya meya, mjukuu wangu. Ukimsikia mtu anasema siasa za kata ni mambo madogo, mkumbushe hiyo.

MTENDAJI: Turudi kwenye mtaro, babu. Nitawaambia nini?

MZEE: Waambie nani anakusanya nini. Kodi ya majengo? Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mwananchi akinunua umeme. Maegesho ya magari? TARURA. Barabara na mtaro wa pembeni yake? TARURA pia, wale wakala wa barabara, tangu 2017. Maji taka? AUWSA, mamlaka ya maji. Kwa halmashauri unabaki ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, na ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo. Humo humo asilimia kumi inatoka iwe mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini lihesabu. Yule mama wa Meru anashuka kwenye kifodi saa kumi na moja alfajiri na mikungu yake ya ndizi, hajauza hata chane, wewe umeshamsimamia na mashine. Yeye ndiye anayeibeba kaunta, si mtalii.

MTENDAJI: Kampuni za utalii nazo zina ofisi hapa mjini.

MZEE: Ndizo zinazolisaidia jiji kwenye ushuru wa huduma. Na mikutano ilisaidia. Mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda ilikaa hapa mpaka mwisho wa 2015. Wenye nyumba Njiro waliifaidi miaka ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo tangu mkataba uliosainiwa Novemba 1999 uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Lakini angalia majengo mapya ya mahakama za kimataifa yalikokwenda: Lakilaki, njia ya Dodoma, kwenye nafasi. Kaunta inasogea.

MTENDAJI: Si jiji lipanue mpaka, liichukue Meru na Arusha ya wilaya, hesabu ziwe moja?

MZEE: Wapo wanaotaka hivyo, nami siwaungi mkono. Mpaka ulishapanuliwa, Moshono, Olasiti na Muriet zikaingia, na kilichotangulia kufika hakikuwa maji wala shule, kilikuwa viwanja. Watu walikuwa laki nne na kidogo mwaka 2012, mwaka 2022 wamepita laki sita. Mmeru akisikia mpaka unasogea anaiona ile ya 1951, na simlaumu, shamba lake ni la babu yake. Mimi ningetaka jiji lilipie. Maji yanatoka msitu wa Meru, basi sehemu ya bili irudi kupanda miti kule juu. Ndizi zinatoka Tengeru, basi jiji lichangie barabara ya kuzishusha. Halmashauri mbili kuandikiana mkataba hakukatazwi na sheria.

MTENDAJI: Kuna jambo moja la mwisho. Kwenye mtaa wangu kuna nyumba mpaka umeipita katikati. Sebule ni ya jiji, jiko ni la halmashauri ya wilaya. Pande zote mbili zimempelekea mwenye nyumba barua za kumdai.

MZEE: Zamani kesi hizo nilizipata nyingi. Usiamue wewe, na usikubali ramani ya kuchorwa kwa kalamu. Kesho nenda ofisi ya ardhi ya jiji, omba tangazo la mpaka kwenye Gazeti la Serikali na ramani ya upimaji, halafu mwombe mwenzako wa upande wa pili mwende pamoja mkatafute jiwe la mpaka. Likiwa limeng'olewa, andikeni barua moja kwa wakurugenzi wote wawili, saini mbili. Na mpaka wajibu, huyo mwenye nyumba asidaiwe na yeyote. Umeshakula lakini?