Historia Yako ya Kazi Inapochunguzwa: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Zamu

Mtu aombapo kazi ya ulinzi, ya kiwandani, ya hotelini au ya kupanga bidhaa katika duka kubwa nchini Kenya, huenda akapewa fomu ya kumruhusu mwajiri achunguze habari zake. Wengi huitia saini bila kuisoma, mawazo yao yote yakiwa kwenye rekodi ya polisi. Mfanyakazi wa zamu anapaswa kuangalia zaidi jambo jingine: orodha ya kazi alizofanya, na majina ya waliomwajiri.

Mambo mengine ya uchunguzi ni mepesi kueleza. Kitambulisho na vyeti vya masomo huthibitishwa. Cheti cha maadili mema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu zake. Maombi na malipo hupitia eCitizen, na anayedai pesa kando ili "asafishe" rekodi yako ni tapeli. Kwa kazi za kushika fedha, baadhi ya waajiri hutaka pia taarifa za mikopo kutoka CRB. Kisha huulizwa waajiri wa zamani.

Tuseme mlinzi amekesha langoni mwa kiwanda kwa miaka miwili. Kwenye fomu ameandika kiwanda kuwa ndicho mwajiri, na msimamizi wa usiku kuwa mtu wa kuulizwa habari zake. Mchunguzi anapiga simu saa nne asubuhi. Msimamizi amelala, simu imezimwa. Karani wa kiwanda anapekua orodha ya mishahara asilione jina la mlinzi, kwa kuwa aliyemlipa ni kampuni ya ulinzi. Ripoti inaandikwa kwamba kazi hiyo haikuthibitishwa. Hakuna aliyedanganya, lakini nafasi imempita.

Kwa hiyo, andika kwanza jina la aliyekulipa, kama lilivyo kwenye hati ya mshahara, ndipo utaje mahali ulipopangiwa kazi. Kando ya namba ya msimamizi, onyesha saa anazopatikana. Na kabla ya kuondoka kazini, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kukitoa, kikionyesha aina ya kazi, mahali pake, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mwajiri halazimiki kukusifu, ila kukunyima cheti hicho kwa makusudi ni kosa la jinai. Asiyetimiza wiki nne mfululizo hana haki ya kukidai, na hapo ndipo vibarua wengi huachwa mikono mitupu. Wao na wahifadhi hati za mshahara, taarifa ya michango ya NSSF, au taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yalitoka kwa nani.

Sheria nayo imemwekea mwajiri mipaka. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022, haruhusiwi kumtaka mtu alete vyeti vya uidhinishaji, kama vile cha maadili mema au cha CRB, isipokuwa ananuia kuingia naye katika mkataba wa maandishi. Kuvidai kwa kila anayekuja kuuliza kazi ni kuwatoza maskini gharama bure. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, una haki ya kuelezwa habari zako zitatumiwaje, na ridhaa uliyotoa waweza kuiondoa.

Ukikataliwa kwa sababu ya ripoti, omba kwa maandishi uonyeshwe habari zako zilizomo. Kanuni za mwaka 2021 zinataka ombi hilo litekelezwe ndani ya siku 7, bila malipo. Na habari yenye makosa, ukiomba irekebishwe, ishughulikiwe ndani ya siku 14. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inatakiwa kuyahitimisha ndani ya siku 90. Siku hizo ni nyingi kwa asiye na mshahara. Yafaa basi barua ya kwanza kwa mwajiri iandikwe mapema, itaje tarehe iliyokosewa, iambatishwe nakala ya cheti cha utumishi, na nakala yake moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa.