Kumlea Mtoto wa Mbwa kwa Muda

Mkazi anayejitolea kuwalea nyumbani watoto wa mbwa waliookolewa bila mama aanze na joto, si maziwa. Mtoto aliyepoa tumbo lake halisagi chakula; akilishwa hivyo anaweza kufa. Chupa ya maji moto iliyofungwa taulo iwekwe upande mmoja wa boksi, ili asogee joto likizidi.

Wachanga hulishwa kila baada ya saa 2 hadi 3, hata usiku (hapo ndipo wengi huchoka), wakiwa wamelala kifudifudi. Akilazwa chali, maziwa huweza kuingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Daktari wa mifugo ataelekeza yanayofaa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa wakifika miezi 3. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.