SOMO: TUJENGE NDEGE YA PUNDAMILIA KWA MABUA

Hapa Lemara ndege ndogo tunaziona kila siku, zinakwenda na kutoka uwanja wa Kisongo. Watoto wanauliza: kitu kizito namna ile kinageukaje hewani? Leo tutajibu kwa mikono. Tutajenga mfano wa ndege ya zamani inayojulikana sana pande zetu.

Ndege hiyo ni Dornier Do 27 ya Wajerumani, iliyopakwa milia kama pundamilia. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti. Ubavuni iliandikwa D-ENTE, na neno "Ente" kwa Kijerumani ni bata. Basi pundamilia yule alikuwa na jina la bata!

Mwaka huo huo wa 1958, kampuni ya Lego ya Denmark iliandikisha tofali lake la plastiki la kuchezea, linaloshikana na mwenzake. Watu wazima wengi duniani hujenga ndege za zamani kwa matofali hayo. Kwetu ni ghali. Lakini bua la mahindi lipo shambani bure, nasi tunaona halizidiwi sana.

Kwanza hesabu. Ndege ya kweli ilikuwa na mabawa ya mita 12 toka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 9.6. Tuipunguze mara 30. Mita 12 ni sentimita 1,200. Gawa kwa 30, unapata 40. Sentimita 960 gawa kwa 30, unapata 32. Usikisie kwa macho, shika rula.

Menya mabua makavu, ukate kile kiini cheupe vipande vya sentimita 4. Haya ndiyo matofali yetu. Bawa ni mistari mitatu ya matofali 10, ikilala sambamba. Mwili ni mistari minne ya matofali 8, miwili chini na miwili juu. Viungo visikutane, fundi wa ukuta anajua kwa nini. Kwa hiyo baadhi ya mistari ianze na nusu tofali na kumalizikia nusu. Shikanisha kwa miiba mirefu ya mgunga na gundi ya unga wa ngano. Bawa likae juu ya mwili, si ubavuni. Mkia uukate kwenye jalada la daftari. Milia ni mkaa uliosagwa na uji kidogo, weupe tayari upo.

Sasa kazi yenyewe. Nyuma ya kila bawa, karibu na ncha, bandika kibawa kidogo cha karatasi ngumu kinachokunjika. Pitisha waya mnyoofu katikati ya mwili, toka pua hadi mkia, mwili uzunguke bila kukwama. Kunja ncha ya mbele, na nyuma zungushia uzi ili ndege isirudi mkononi. Inua kibawa cha kulia, shusha cha kushoto, kisha elekeza pua kwenye upepo. Ndege italalia kulia. Hebu geuza vibawa, italalia kushoto. Hivyo ndivyo rubani anavyogeuza ndege.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha ndege ile ile. Tumbusi akagonga bawa la kulia, usukani ukakwama, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amezikwa hapo hapo. Gundisha kibawa kimoja kikiwa kimeinuka, urudi kwenye upepo. Tazama inavyolala upande ule ule tu, hata ufanyeje na waya.

Zoezi: Cessna Caravan, aina inayotua sana Kisongo, ina mabawa ya karibu mita 15.9. Kwa kipimo chetu cha 30, bawa litakuwa sentimita ngapi? Yatahitajika matofali mangapi kwa mstari mmoja, na litabaki pengo gani?